Diwali niliyomharibia Bibi wa Kihindi pale Babati kwa mdomo wangu mwenyewe

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo.

Hii si chai, si stori ya kutunga. Anayetaka chai aende nyuzi za jirani, ziko nyingi. Hili ni langu, nimelikalia zaidi ya miaka ishirini, na hata mke wangu nilimwambia nusu tu.

Juzi humu ndani kuna mdau aliuliza Diwali ni nini. Mmoja akamjibu kwamba ni sikukuu ya Wahindi ya kupiga fataki na mambo ya kichawi. Nikasoma lile jibu, nikaiweka simu chini. Kwa sababu mkuu, miaka ile maneno kama hayo niliyasema mimi, na niliona yalichofanya.

Twende taratibu.

Mimi ni Mpare wa Same, fundi cherehani. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa na Babati ikawa makao makuu, nikasikia huko kuna kazi. Ofisi zinafunguliwa, wakubwa wanahamia, kila mtu anataka kaunda suti. Nikafunga cherehani yangu kwenye gunia, huyo nikapanda.

Babati ya wakati huo ilikuwa vumbi, wakuu. Gari likipita barabara ya Dodoma unafunika kitambaa cha mteja kwanza, macho baadaye. Nikapanga chumba Singe, na Mungu si Athumani, nikapata nafasi barazani kwa duka la vitambaa la Mhindi mmoja tuliyemwita Baba Hiten.

Mnajua utaratibu wa mabaraza yale. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nje ananikuta mimi. Kushoto kwangu alikaa fundi viatu, Mwiraqw mmoja mpole anaitwa Tluway. Ng'ambo ya barabara Mama Yohana anauza chai na maandazi. Hiyo ndiyo ilikuwa dunia yangu.

Ndani ya ile nyumba, nyuma ya duka, aliishi mama mzazi wa Baba Hiten. Mtaa mzima tulimwita Bibi tu. Kazee kembamba, sari nyeupe ya ujane, miwani mikubwa. Alikuja Babati akiwa bibi harusi, akazikuta nyumba za kuhesabu. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na Kiiraqw cha kununulia mboga alikuwa nacho. Akina mama wa kijiji cha Mutuka wakileta maharage mabichi, alikuwa anabishana nao kwa lugha yao mpaka wanacheka wenyewe.

Na mimi alinipenda, sio siri. Kila saa nne ananitumia chai ya maziwa yenye tangawizi. Sikumwomba.

Sasa ikafika Diwali.

Wakuu, mimi nilikuwa sijui lolote. Kwangu Mhindi alikuwa Mhindi tu. Nikaona kwanza usafi. Si usafi wa kufagia, ule wa kutoa kila kitu ndani. Makabati nje, magodoro nje, masufuria yanasuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka unajiona sura. Kuta zikapigwa chokaa. Nikamuuliza Baba Hiten kama wanahama. Akasema, "Hapana Fundi, ni Diwali. Mungu haingii nyumba chafu."

Akanieleza kwa kifupi. Kwamba kuna mfalme wao, Rama, alifukuziwa porini miaka mingi, na siku aliporudi watu wakawasha taa njia nzima asipotee. Kwamba usiku ule Lakshmi, yule anayeleta neema, anapita nyumba kwa nyumba, na anaingia palipo na mwanga na usafi. Na kwamba si siku moja, ni siku tano zinazofuatana, kila siku na kazi yake.

Nilipenda, nasema kweli. Sisi kwetu Krismasi ni wali na nguo mpya. Hawa walikuwa wanaosha mpaka nyuma ya kabati ambako hakuna mgeni atakayeona.

Na harufu, jamani! Jiko la Bibi lilikuwa linakaanga tangu asubuhi. Samli, iliki, dengu. Tluway alikuwa anapiga msumari kwenye soli huku anameza mate.

Haya. Siku moja kabla ya Diwali yenyewe, saa kumi na mbili kasoro jioni, nimefunga cherehani, nazungukia nyuma ya duka kwenda kwangu Singe. Nikamwona Bibi anatokea mlango wa nyuma, peke yake. Mkono mmoja sahani imefunikwa, mkono mwingine kikopo cha shaba.

Hakunisalimia. Hiyo ikanishtua, maana Bibi alikuwa anasalimia hata mbwa.

Nikamfuata kwa macho. Akaenda mpaka njia panda ile ya nyuma ya maduka, pale ambapo njia ya kwenda Singe inakutana na ya sokoni. Akainama. Akatoa bajia kwenye sahani, akaziweka chini mchangani katikati ya njia panda. Akamimina maji kuzizunguka, duara kamili. Midomo inacheza. Halafu akageuka akarudi moja kwa moja, hatazami nyuma, hatazami pembeni, kanipita hivi, hatua kumi, kama mimi nguzo.

Wakuu, nywele zilinisimama.

Mimi nimekulia milimani Upareni. Chakula njia panda, maji ya duara, mtu hageuki nyuma. Nani hajui hiyo ni nini? Na ilikuwa miaka ambayo kila siku tunasikia kikongwe kakatwa mapanga huko kwingine kwa sababu macho yake mekundu.

Ningeweza kumuuliza. Alikuwa hatua kumi.

Sikumuuliza. Nilirudi barazani nikamwambia Tluway. Tluway akasema, "Achana nayo Fundi, wazee wana mambo yao." Hapo ningeishia. Lakini mimi mdomo wangu hauna breki. Nikapita kwa Mama Yohana kunywa chai, palikuwa na watu kama sita, nikaanza stori.

Na stori ikanoga. Mtu mmoja akauliza, "Alikuwa anasema nini?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Anataja majina ya watu. Nimesikia kwa masikio yangu."

Sikusikia jina hata moja, wakuu. Niliona midomo tu. Lile la majina nilitunga pale pale kwa sababu wote walikuwa wananitazama na nilijiona mtu wa maana.

Nikalala usingizi mzito.

Asubuhi ndiyo Diwali. Nafika barazani, mlangoni pamepambwa marembo ya unga wa rangi, ua kubwa lenye majani manane, Bibi kalichora kwa vidole vyake kabla ya jua. Mimi nikaliruka kwa woga.

Kumbe mtoto wa Mama Yohana kaamkia homa kali. Na jana jioni alipita ile njia panda akienda kuchota maji. Mnaona inavyokwenda?

Sasa kila Diwali Bibi alikuwa na desturi ya kupeleka sahani za vitu vitamu kwa majirani wote. Laddu za mviringo, barfi za maziwa zilizokatwa pembe nne, chivda ya chumvi kwa wasiopenda sukari. Mwislamu, Mlutheri, Mkatoliki, wote sahani yao. Tluway aliniambia miaka mingine wanazigombania.

Mwaka ule zilirudi. Zote. Mmoja kasema anaumwa jino. Mwingine kasema wamefunga. Mama Yohana aliileta yake mwenyewe, kaishika kwa ncha za vidole, akaiweka barazani mbele yangu, akaondoka.

Bibi akatoka. Akazitazama zile sahani zimepangana pale, laddu zimekaa vilevile kama alivyozipanga. Akaniuliza, "Fundi, mwaka huu nimekosea sukari?"

Nikasema, "Sijui, Bibi."

Nikaendelea kushona. Nilishona mguu mmoja wa suruali nikaufunga kabisa, sikuona.

Saa tisa mchana akaja mwenyekiti wa mtaa na watu kama ishirini. Si kwa fujo, lakini mnajua watu ishirini wakija kimya. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, alitaka yaishe kabla ya vijana kuingilia. Baba Hiten akatoka dukani, uso mweupe. Bibi akatoka, akakaa kwenye kigoda changu cha cherehani. Mimi nikasimama nyuma ya cherehani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwenyekiti. Mmekuja kula?"

"Bibi, kuna maneno. Wanasema jana uliweka vitu njia panda, ukataja majina ya watu."

"Ndiyo, niliweka," akasema. Bila wasiwasi. "Kila mwaka naweka. Tangu nimeolewa hapa naweka. Mbuzi wenu ndio wanakula, ndiyo maana hamjaona."

Mtu mmoja akacheka kidogo, akajikaza.

Akaeleza. Kwamba siku ile kabla ya Diwali kwao ni siku ya kutoa ugomvi. Umeshafagia vumbi, umesugua sufuria, imebaki takataka moja haionekani, ni maneno mabaya ya ndani ya nyumba. Mama wa nyumba anakaanga bajia, anazipeleka njia panda, anazungushia maji, anarudi bila kugeuka. Ugomvi unabaki pale. Ukitaka kurudi unakuta njia nyingi, haujui ipi ya nyumbani.

Wakuu, mimi nikajificha zaidi nyuma ya cherehani.

Mama Yohana akasema, kwa ukali, "Ugomvi gani, Bibi? Nyumba yako haina ugomvi. Na mwanangu yuko kitandani."

Bibi akamtazama mwanawe. Baba Hiten akasema chini chini, "Mama, acha. Haya ni ya ndani."

Akamjibu kwa Kiswahili, ili tusikie wote. "Ya ndani niliyatoa jana. Leo wanataka kuyaona."

Na akayasema. Mbele ya watu ishirini. Kwamba mwanawe anataka kuuza duka wahamie Arusha kwa ndugu zao, na yeye hataki, kwa sababu mumewe alipofariki alichomwa hapa kwa desturi yao, na majivu yake yako hapa. Kwamba alimwambia mwanawe maneno ambayo mama hamwambii mtoto. Kwamba miezi minne wanakula meza moja bila kuongea, na mkwewe, mke wa Baba Hiten, anapitisha chumvi na salamu katikati yao.

"Mnasema nilitaja majina," akasema. "Nilitaja moja. La huyu hapa. Nilimwomba Mungu amtoe hasira yeye, na mimi aniondolee kiburi."

Baba Hiten alikuwa ameinamisha kichwa, analia waziwazi, mwanaume mzima mwenye duka.

Mwenyekiti akakohoa. Akauliza, "Nani aliyesema alisikia majina ya watu?"

Walionisikia jana kwa Mama Yohana wakatazama chini, kwa kuwa wao ndio walioyaeneza.

Tluway akanitazama. Mimi nikatazama sindano. Nilijifanya natunga uzi, na uzi ulikuwa umeshatungwa.

Hakuna aliyenitaja. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Jioni dispensari wakampima yule mtoto, ikaonekana ni malaria, akapewa dawa. Lakini sahani hakuna aliyekuja kuichukua. Neno likishaingia mtaani halitoki kwa maelezo, watu walikuwa wanasema, "Ndiyo, lakini huwezi jua."

Jua lilipozama Bibi akatoa taa zake. Vitaa vidogo vya udongo, mafuta na utambi wa pamba, akavipanga ukingoni mwa baraza lote, kimoja kimoja. Tluway aliniambia miaka mingine watoto wanajaa pale kuwasha. Mwaka ule aliwasha peke yake, na kila akiinuka anashika kiuno.

Pakawaka. Wakuu, sijawahi kuona kitu kizuri vile kikiwa na huzuni vile. Duka lile la vumbi lilikuwa linang'aa, na barabara nzima tupu.

Nikashindwa. Nikaenda nikapiga magoti pale kwenye taa. Nikasema, "Bibi, ni mimi. Sikusikia jina. Nilitunga."

Hakushtuka. Akasema, "Najua. Uliniona, na mimi nilikuona. Kule hatugeuki, lakini macho ninayo."

Nikasema, "Nisamehe, Bibi."

Akakinyanyua kitaa kimoja kilichozimika, akakiwasha tena. Nilidhani ataniambia nibebe cherehani yangu. Halafu akasema hivi, nakumbuka kila neno.

"Kesho ni mwaka mpya wetu. Kwetu kitu cha kwanza kuingia nyumbani siku hiyo ni chumvi. Lazima ailete mtu wa nje, agonge mlango, nami niinunue. Alikuwepo rafiki wa marehemu mume wangu, mzee mmoja wa kijiji cha Bonga, alikuwa analeta yeye. Amekufa. Miaka mitatu najiletea mwenyewe, na si vile. Kesho lete wewe. Usije gizani. Jua likishatoka, pita barabarani, pita kwa Mama Yohana, gonga mlango wa mbele."

Aisee.

Mnaelewa alichoniomba? Kuna watu pale hata chumvi hawamwazimi jirani jua likizama, kwa hofu ya uchawi. Sasa mimi nibebe chumvi asubuhi kweupe, niipeleke nyumba ambayo mtaa umeshaihukumu. Nilitaka kukataa. Nikajisikia aibu ya kukataa, nikasema, "Sawa, Bibi."

Asubuhi nikanunua pakiti Singe, nikaishika mkononi. Nilifikiria kuiweka mfukoni, kisha nikaona huo ni uoga uleule.

Kila mtu alinitazama. Yule aliyenisalimia jana leo anasogea pembeni. Ndipo nikajua macho ya watu yanavyochoma, na mimi nilikuwa nimetembea nayo dakika kumi tu.

Kwa Mama Yohana wamejaa. Mtu akasema, "Fundi, umebeba nini asubuhi yote hii?"

"Chumvi. Napeleka kwa Bibi."

Vikombe vikashuka. Nikasema kabla ujasiri haujaniponyoka, "Na yale maneno ya majina niliyoyasema hapa juzi, niliyatunga. Nilidanganya. Bibi hakumtaja yeyote kati yenu."

Mama Yohana alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia meza. Alinipiga nacho usoni. Cha moto na kimelowa chai.

"Mwanangu anaungua homa, na mimi namlaani mama wa watu kwa sababu ya mdomo wako? Toka hapa! Usikanyage tena!"

Nikatoka. Ilikuwa haki yangu.

Nikagonga mlango wa mbele. Baba Hiten akafungua, akaniona na ile pakiti, na uso unanidondoka chai. Akaita ndani, "Mama!" Ilikuwa sauti ya mtu anayemwita mama yake, si ya miezi minne ya kimya.

Bibi akaja na sarafu kiganjani. Nikasema, "Bibi, chumvi." Akanipa sarafu, akanipaka nukta nyekundu kwenye paji la uso, akasema, "Sal Mubarak, Fundi," yaani mwaka mwema. Akaniingiza hadi jikoni.

Jikoni kulikuwa na vyakula sijawahi kuviona pamoja. Siku ile wanapika kila aina waliyo nayo, wanavipanga mbele ya Mungu kwanza, ndipo watu wanakula. Sufuria kubwa la mboga lilikuwa linachemka, halijatiwa chumvi. Lilikuwa linasubiri.

Bibi akafungua pakiti yangu kwa meno. Akachota, akatia. Akakoroga. Akaonja, akampa mwanawe kijiko hichohicho, naye akaonja.

Nililia, wakuu. Nililia na nukta yangu usoni.

Baba Hiten hakuuza duka. Sitasema ni kwa sababu ya bajia, ila waliongea, hilo nililiona. Mama Yohana aliniuzia chai tena baada ya mwezi, na alinipa baridi makusudi. Lakini siku ileile ya chumvi, jioni, alivuka barabara akiwa amembeba mwanawe, akakaa barazani na Bibi mpaka giza lilipoingia. Na mimi nilipeleka chumvi kila mwaka mpya wao, mpaka Bibi alipofariki.

Sasa nirudi kwa yule mdau aliyesema ni uchawi. Mkuu, sikukemei, mimi nilikutangulia. Ninachokijua kuhusu Diwali ni hiki. Wenzetu wametenga siku ya kuosha nyumba, siku ya kutoa ugomvi, siku ya kuwasha taa, na siku ya kuanza upya na watu. Mimi dini yangu sijabadilisha, Jumapili niko kanisani. Lakini sijawahi kusafisha moyo kwa mpangilio ule.

Na kuna kitu kimoja bado kinanitoa machozi hadi leo, mtu mzima na mvi zangu. Mtaa mzima uliogopa laddu za yule mama kwa sababu ya neno langu la dakika mbili. Yeye alichukua chumvi kutoka mkononi mwa mtu aliyemfanya aitwe mchawi, akaitia kwenye chakula cha nyumba yake yote. Wala hakuinusa.

Uwanja ni wenu, wakuu. Wa kunisema aniseme, nastahili. Waliokaa Babati miaka ile waje na yao. Na kama una jirani ambaye mambo yake huyaelewi, kabla hujaandika jibu hapa, nenda kamsalimie, umuulize.